Farasi Waliosimama Gizani

Kwanza mnisamehe mwandiko. Niliacha shule nilipomaliza darasa la nane, na tangu hapo kalamu naishika mara chache tu, kuandika majina ya watu kwenye mifuko ya nguo tunazowafulia. Herufi zangu zinalala upande, na kuna maneno nimeyaandika vile tunavyoyatamka kwetu kwa kuwa sijui njia nyingine. Ukurasa wa kwanza umenichukua siku mbili. Atakayepiga chapa arekebishe herufi. Hasira aiache ilivyo, hiyo sikukosea.

Majuma matatu yaliyopita tulimzika Mjomba Thoya, ndugu mdogo wa mamangu, huko Likoni. Watu walisimama mmoja mmoja mbele ya jeneza wakasema alikuwa mtetezi wa wanyonge. Mzee mmoja wa kanisa alisema, "Ndugu yetu huyu alitufundisha kutoogopa," na kwaya ikapokea kwa wimbo. Mimi nilikuwa mkekani na wanawake wengine, sahani ya wali mapajani, na mdomo wangu umefungwa kama ulivyofungwa maisha yangu yote. Nyumbani waliniita Bubu tangu utoto. Hawakuniita kwa ubaya, ndivyo nilivyokuwa. Mgeni akibisha, nilikimbilia nyuma ya mlango. Pale maziko nilikaa kimya pia, na tangu siku ile silali vizuri. Ndiyo maana naandika.

Baada ya watu kutawanyika, mama alinituma chumbani kwa marehemu nimsaidie mjane kupanga vitu. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la bati. Nilipofungua kifuniko harufu ikanipiga usoni: petroli ya jenereta, vumbi lililoungua, plastiki iliyopata moto. Niliketi sakafuni bila kupenda. Hiyo ilikuwa harufu ya banda la video, na mimi nilikuwa na miaka minane tena, na sikio langu liko ukutani.

Kwetu kulikuwa Kisauni, ndani kabisa, upande wa kwenda Mwakirunge. Wenyewe tulipaita Mawe Meupe kwa sababu ya timbo la mawe ya kujengea. Baba alikata mawe pale. Alirudi nyumbani mweupe kote hadi kope, na akitabasamu ulimi wake ulionekana mwekundu kama wa mtu aliyekula rangi. Baba alikuwa mtu wa kuja, lakini babu, baba wa mamangu, alijenga pale kabla mama hajazaliwa. Alipokufa walimzika kando ya njia mbele ya nyumba yetu, na baba akamchongea jiwe lenye msalaba. Mama akipita na ndoo ya maji alimwagia kidogo pale chini ya jiwe, akasema, "Baba, joto leo." Mimi nilidhani kila mtu duniani ana babu mlangoni.

Ardhi yenyewe iliandikwa jina la mtu mwingine. Mwenye shamba hatukumwona hata siku moja. Tulimwona msimamizi wake, mwenye gari jeupe, aliyekuja baada ya kila miezi kadhaa. Aliteremsha kioo nusu, akasema, "Mjiandae," akapandisha kioo, akaenda zake. Hakushuka. Viatu vyake sikuwahi kuviona.

Mjomba Thoya alitaka kufungua banda la video, na mama akampa ukuta wetu mmoja wa udongo ili ajenge tatu tu. Kwa hiyo nyumba yetu na banda lake vilikuwa vimegandana. Juu mabati ya zamani yenye matundu ya misumari, ndani televisheni juu ya meza, spika mbili, na viti vilikuwa mawe yaliyovunjika timboni, yasiyofaa kuuzwa. Watu waliketi juu yake wakiwa wametandika kanga au gunia. Jenereta ilikaa nje upande wetu, na ukuta ulitetemeka hadi vikombe vikalia.

Mtoto wa kike alikuwa haingii mle. Mama alikataa kabisa. Kwa hiyo filamu niliisikia miezi mingi kabla ya kuiona.

Ilikuwa ya Kihindi, ya mambo ya zamani, wakati Waingereza walipotawala kule India. Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilijua nilichosikia: muziki, farasi, watu wakilia, na juu ya vyote sauti ya Mjomba katika maikrofoni, akitutafsiria. Mjomba aliwahi kufanya kazi kwa Mhindi miaka ya ujana wake, akatoka na maneno matatu. Hayo hayakumzuia. Watu wote wa filamu aliwapa majina ya kwetu. Kijana mkulima mwenye masharubu alikuwa Karisa. Mchumba wake alikuwa Dama. Mwingereza mwenye farasi mweupe alikuwa Kapteni tu, hakustahili jina.

"Huyo! Huyo yuaja!" Mjomba alinguruma. "Mwaona farasi alivyoshiba? Farasi ameshiba kuliko nyinyi mlioketi hapo! Kapteni asema, enyi watu, shamba hili ni langu. Msipande mtama. Msipande mahindi. Pandeni yale majani yangu ya rangi ya buluu, nikapake nguo za wake zangu huko Ulaya!"

"Na Karisa asemaje?" mtu aliuliza.

"Karisa bado atafuna. Mwacheni ameze."

Kicheko. Kisha yule Karisa wa Kihindi akasema maneno mengi sana, marefu, karibu anaimba, na Mjomba akatafsiri: "Asema, hatutoki."

"Ai, Thoya! Mtu kahubiri hotuba nzima, wewe watupa maneno mawili?"

"Kihindi ni kirefu, maana yake fupi. Wataka nirefushe, niletee soda."

Nilikuwa nikilala chali kitandani, kiganja ukutani, nikisikia hayo yote. Sikujua kwamba filamu ni kitu cha kuigiza. Nilijua nyuma ya ukuta wetu kuna watu wanaonyang'anywa shamba, mchana baada ya mchana, na kila mara wanakataa. Siku moja nilimuuliza kakangu Charo, ambaye alikuwa mkubwa na aliruhusiwa kuingia: "Yule Kapteni, ndiye mwenye shamba letu?"

Charo alicheka. Halafu akaacha kucheka, akanitazama, akasema, "Ndiye."

Basi nikajua. Gari jeupe lilipokuja nilichungulia nyuma yake kutafuta farasi.

Mwishowe nilitoboa ukuta. Palikuwa na kokoto moja iliyolegea katika udongo, karibu na kichwa cha kitanda. Niliichokoa kwa kijiko siku tatu mpaka ikatoka, na ulimwengu wote ule ukaingia katika jicho langu moja. Sikuamini rangi. Niliona wanawake wamejitanda vitambaa virefu, nikafikiri ni leso zetu zimeunganishwa. Nikaona mashamba ya yale majani, na mikono ya watu imekuwa ya buluu hadi kwenye viwiko, haitakati hata wakioga mtoni. Nikamtazama baba jioni ile, mweupe hadi kope, nikashika mkono wake nikausugua. Akasema, "Wafanya nini, we Bubu? Huu hautoki, mwanangu. Huu umeshakuwa ngozi."

Sasa niwaeleze mwisho wa filamu, kwa sababu kisa chote kiko hapo.

Kapteni anakuja na askari wake wapanda farasi kuwatoa watu kijijini. Wanaume wamekimbilia msituni na Karisa. Wanawake wanatoka nyumbani na watoto wao, wanaketi chini njiani, safu kwa safu, kimya. Farasi wanakuja. Kapteni anainua mkono juu. Farasi wanasimama, wanapumua, vumbi linatulia. Mkono uko juu. Na hapo sidi ya kwanza, kati ya mbili za filamu ile, inakwisha.

Sidi ya pili, alisema Mjomba, ilikwaruzika vibaya, haichezi. Kwa hiyo alizima televisheni, akatuma mtu azime jenereta, na banda likawa giza mchana, vijinyota vya jua tu vikipenya matundu ya misumari. Katika giza hilo Mjomba alitusimulia mwisho kwa mdomo wake mwenyewe, bila maikrofoni, polepole:

"Kapteni akawatazama wale akina mama. Akamwona mmoja, mzee, amefanana na mamake. Farasi wake akainamisha kichwa, akakataa. Ukimpiga, akataa. Ukimchoma kwa viatu, akataa. Na farasi wa pili akakataa. Na wote. Kapteni akashusha mkono. Akageuza. Na ardhi ikabaki kwa watu wake."

Watu walipiga makofi na miguu mpaka udongo ukadondoka ukutani ukaniingia jichoni. Walishangilia hivyo kila mara, na niliwasikia labda mara arubaini. Hakuna aliyesema, Thoya, hii tumeisikia. Mimi nyuma ya ukuta nilimeza kila neno. Nilijua jambo moja la hakika kuhusu dunia, kama vile watoto wengine wanavyojua moto unachoma: kitu kikubwa kikija, ukiketi chini mbele yake, kitasimama.

Mwaka ule mvua za masika zilipokwisha, msimamizi alikuja na akashuka kwenye gari. Hapo watu wazima waliogopa. Alibandika karatasi ya korti kwenye mlango wa banda la video, kwa kuwa ndio mlango ulioonekana na wengi. Siku saba.

Mkutano ulifanyika mle mle bandani, na siku ile hata wanawake waliingia, na mama akanibeba mgongoni ingawa nilikuwa mkubwa wa kubebwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga ndani. Baba alisema kwanza. Baba hakuwa msemaji. "Mimi naona tutoe vitu vyetu," alisema. "Mabati, milango, masufuria. Tuyatoe mapema. Tingatinga haichagui."

Watu waliguna. Mama akatazama chini.

Mjomba akasimama. Alishika maikrofoni, wallahi, ingawa jenereta ilikuwa imezimwa. "Shemeji, wewe ni mtu wa kuja, huna mzee wako aliyelala hapa," alimwambia baba. "Mimi babangu yuko pale nje. Nimtoe naye nimfunge kamba pamoja na masufuria?"

Watu wakacheka, na baba akaketi. Sikuwahi kuona uso wa babangu ukiwa hivyo. Nilidhani ni vumbi.

"Jamani," Mjomba akasema, "mwajua la kufanya. Mmelitazama hapa hapa kwa macho yenu. Akina mama wataketi njiani. Hakuna dereva mwenye mama atakayewapita. Na mimi nitaketi mbele yao, mtu wa kwanza. Mtu asitoe hata kijiko. Mkitoa kijiko, mmekubali."

"Utaketi, Thoya?" mama akauliza.

"Dada, nikose, babangu anilaani."

Hakuna aliyetoa kijiko.

Jumapili ya mwisho kabla ya siku yenyewe, wote walienda kanisani kuomba. Mimi nilibaki kwa kuwa nilikuwa na homa. Nilisikia kitu bandani. Si filamu, jenereta haikuunguruma. Nikaweka jicho kwenye tundu. Mjomba alikuwa anazungusha nyaya mkononi, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja, kama mtu anayekunja kamba ya mbuzi. Televisheni ilikuwa imevikwa blanketi. Nje palikuwa na mkokoteni na mtu nisiyemjua. Walitoa spika, wakatoa meza. Mjomba akapanda juu na nikaona mbingu ikifunguka: alikuwa anang'oa mabati, moja moja, na misumari akiitia mfukoni.

Nilitoka nje. Sijui nilitoka kufanya nini. Nilisimama na shuka langu kando ya kaburi la babu nikamtazama. Aliponiona alishuka, akachuchumaa mbele yangu, jasho linamtiririka. Alinipapasa kichwa.

"Bubu wangu. Una homa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Napeleka vitu kwa fundi, wasikia? Narudi kesho. Wewe hujaona kitu." Akatia mkono katika begi, akatoa sidi ile ya filamu, yenye picha ya farasi mweupe, akaniwekea mikononi. "Chukua. Yako. Lakini hujaona kitu, eh?"

Nilikuwa nimemwona mtu akibeba paa la nyumba yake kwa mkokoteni. Lakini alisema kwa fundi. Na alinipa farasi. Mama aliporudi kutoka kanisani alisimama akatazama banda lisilo na paa, akauliza, "Mjombako yuko wapi?" Ningeweza kusema. Nilikuwa na miaka minane, si mtoto wa kunyonya. Nilisema, "Kwa fundi." Na huyo ndiye mimi, Bubu, siku moja niliyofungua mdomo nilitafsiri uongo wa mtu mwingine.

Mama alitazama yale mabati ambayo hayapo. Kisha akaingia ndani kupika.

Walikuja Jumanne asubuhi, jua likiwa juu kidogo tu. Gari jeupe, malori mawili ya askari, vijana wenye mitaimbo tusiowajua, na tingatinga ya manjano nyuma yao. Wanawake waliketi njiani kama walivyoagana, na mama aliketi safu ya mbele, karibu na jiwe la babu, mimi nikiwa mapajani mwake. Mbele yetu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Waliiacha makusudi. Mchanga tu.

"Thoya yuko wapi?" mwanamke mmoja alinong'ona.

"Yuaja," mwingine akajibu.

Tingatinga ilikuja hadi hatua kumi hivi. Na ikasimama.

Nawaapia, ilisimama. Injini ikanguruma mahali pamoja, moshi ukapanda, dereva akatutazama. Nilihisi moyo wa mama unavyopiga mgongoni mwangu, na nilitaka kucheka. Nilimgeukia nikamwambia, kwa sauti, mbele za watu wote, mimi Bubu: "Mama, wamesimama. Farasi wamesimama." Wanawake waliokuwa karibu walinisikia. Mmoja akaanza kupiga kigelegele.

Dereva alishuka. Alikuwa kijana, amevaa kofia ya sufu na joto lile. Akazungumza na msimamizi dirishani. Msimamizi akanyoosha kidole, si kwetu, bali kando. Dereva akapanda tena, akarudi nyuma, akageuza, akapita kwenye mahindi upande wa timbo. Alituzunguka tu. Alituacha tumeketi pale pale, tumeitazama njia tupu, na nyuma yetu tukasikia nyumba ya kwanza inaanguka.

Hilo halikuwa katika filamu. Miezi yote ile sikuwahi kufikiri kwamba farasi anaweza kupita kando.

Wanawake waliruka kukimbilia nyumba zao, na vijiko vyao vyote vilikuwa ndani, na vitanda, na vitabu vya Charo, na kila kitu, kwa kuwa mtu asitoe hata kijiko. Mama hakuinuka. Alibaki ameketi kando ya jiwe. Askari wawili walimshika, mmoja mkono huu, mwingine ule, wakanipokonya mapajani mwake wakanitupa kando, na mama akalikumbatia jiwe. Walivuta. Nilisikia mlio. Mpaka leo nikivunja kuni huwa natazama pembeni. Baba alitoka timboni mbio akiwa mweupe kama mzimu, akakuta mke wake chini na bega limetoka mahali pake, na ukuta wetu na wa Mjomba umelala pamoja, mmoja juu ya mwingine. Jiwe lenye msalaba nalo lilisukumwa pamoja na udongo wote uliobaki. Sijui babu yuko wapi sasa. Pana ua mrefu pale, na geti.

Tulihamia Mikindani, chumba kimoja, na baba akapata vibarua vya kupakia mizigo. Bega la mama lilipona vibaya. Mkono wake haupandi juu ya kifua. Ndiyo sababu mimi tangu utoto nimenyoa nywele, hapakuwa na mtu wa kunisuka. Ndiyo sababu nguo zote za watu tunaowafulia huanika mimi, yeye hufua.

Na Mjomba? Mjomba alikuwa Likoni, njia ya kwenda Shelly Beach, katika kiwanja chake mwenyewe chenye karatasi. Hakuna aliyeuliza karatasi ilitoka wapi, kila mtu alijua ilitoka kwa mwenye gari jeupe. Alijenga nyumba ya mawe. Alifungua banda la kuonyesha mpira, lenye viti vya plastiki. Mama alivuka kwa feri kwenda kumsalimu kila Krismasi, na mimi nilibeba kikapu nikasema shikamoo nikatazama miguu yangu, naye akacheka, "Bubu wangu! Bado tu?" Na alipokufa alizikwa uani kwake, saruji safi, jina limechorwa vizuri. Babake yuko chini ya ua wa watu. Yeye amelala nyumbani. Mtetezi wa wanyonge.

Sasa lile sanduku. Chini ya nyaya za zamani palikuwa na kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri, na ndani ya kitambaa, sidi. Picha ya farasi mweupe. Niligeuza upande wa chini nikautazama kwenye mwanga wa dirisha. Nilijiona uso wangu mzima. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ilikuwa ile ya pili, imeandikwa namba mbili.

Niliificha ndani ya kanga. Ndiyo, niliiba, niandikeni hivyo. Kesho yake nikaipeleka kwa fundi wa redio hapa Mikindani, mwenye kimashine cha zamani, nikamwomba anichezee. Kwa mara ya kwanza niliona inavyoisha.

Kapteni ameinua mkono. Anawatazama wale wanawake. Anashusha mkono. Na farasi wanakwenda. Hawakatai, hawainamishi kichwa. Wanakwenda tu, na filamu haionyeshi mengi baada ya hapo, inaonyesha kitambaa kimoja cha njano mchangani. Karisa wanamkamata msituni, wanamnyonga. Kijijini panapandwa yale majani ya buluu. Fundi alisema, "Duh, huzuni." Mimi nilimwomba anirudishie sidi yangu.

Mjomba alikuwa nayo. Alijua farasi hufanya nini. Alituambia tuketi.

Nilikwenda nyumbani na sidi mkononi, na mama alikuwa amechuchumaa kwenye karai, anafua shuka za watu kwa mkono mmoja na nusu. Nilimwambia yote, nikapaza sauti mpaka jirani akachungulia. Nilimwambia kuhusu ile Jumapili, na mabati, na "kwa fundi." Nilimwambia alikuwa nayo, mama, haikukwaruzika, alitudanganya jinsi inavyoisha.

Mama hakuacha kufua. "Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Inavyoisha. Siku ya kwanza kabisa aliicheza yote. Tuliitwa watu wote, wanawake pia, kufungua banda. Wewe ulilala. Tulilia sana. Mzee mmoja aliitupia televisheni jiwe, akakosa. Kesho yake banda likakosa mtu hata mmoja. Ndipo Thoya akasema sidi imekwaruzika, akatupa mwisho mwingine, na watu wakarudi." Alikamua shuka. "Watu wazima wote walijua, mwanangu. Tuliupenda ule wa gizani."

Miaka yote hii nilidhani mamangu aliketi njiani kwa sababu aliamini.

"Na mabati?" niliuliza. "Siku ile, ulipoona paa halipo?"

"Nilijua pia."

"Basi mbona uliketi? Mama, mbona uliketi?"

Alinitazama hapo, na hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonikasirisha kuliko vyote. "Ulitaka niketi wapi?" alisema. "Babangu alikuwa nyuma yangu." Kisha akanipa ile shuka. "Anika hii. Mimi siwezi."

Niliianika.

Sina hasira na mama. Ninayo kwa mtu aliyekuwa na pa kuketi pengine, akawaambia wasio na pengine waketi. Ninayo kwa wale waliosimama mbele ya jeneza wakijua kuwa ile nafasi ya mbele ilibaki mchanga mtupu, wakamsifu kwa kutokuogopa. Mwisho wa gizani waliupenda sana, wakaurudia tena kaburini.

Nawaomba mniandikie, nyinyi mliokuwa Mawe Meupe. Wengi wenu ni rika langu, mlikuwa mapajani siku ile kama mimi. Kama uliamini kweli kwamba farasi walisimama, niandikie, nijue kama nilikuwa peke yangu. Na kama ulijua, na juzi Likoni ulisimama ukasema uliyoyasema, niandikie pia wewe. Mimi huandika polepole, lakini nitajibu.